Mgeni aguse, asitazame tu: maswali tunayoulizwa mara kwa mara kuhusu vibanda vya chapa kwenye matamasha ya Nairobi

Sisi ni karakana ndogo ya ubunifu jijini Nairobi. Tunatengeneza yale mambo unayoyakuta kwenye hema la kampuni uwanjani au kwenye ukumbi wa maonyesho: ukuta unaoitika ukiupiga kofi, baiskeli inayowasha taa, ngoma ya watu sita ambayo kila mmoja ana sauti yake. Maswali haya yametufikia kwa simu, kwa barua pepe na kwenye vikao vya saa mbili asubuhi. Machache yaliulizwa kwa hasira, nayo tumeyajibu.

Hiki mnachofanya kinaitwaje hasa?

Sokoni kila mtu husema "aktivesheni", na ukitafuta kazi tumia neno hilo hilo. Ila limebeba mizigo mingi mno. Kijana aliyevaa fulana ya kampuni akigawa sampuli za sabuni kwenye lango la supamaketi naye yuko kwenye aktivesheni. Sisi tunashughulikia pembe moja tu. Mgeni anafika, anafanya jambo kwa mwili wake (anasukuma, anaimba, anaruka, anachora), anajibiwa papo hapo, na jibu hilo lisingetokea kama yeye hakuwepo. Kibanda kisichojali kama mgeni amefika au hajafika ni tangazo lenye hema.

Skrini kubwa na muziki mzuri havitoshi?

Havitoshi. Fikiria mtu aliyetoka Rongai asubuhi kwa nganya, yaani matatu iliyochorwa kila upande, yenye skrini ndani, taa za rangi na besi inayotikisa mbavu. Amekaa humo saa nzima kwa nauli ya kawaida. Halafu wewe unamkaribisha hemani umwonyeshe video ya dakika mbili kuhusu maono ya kampuni. Ameshaona makubwa kabla hajanywa chai.

Mnaanzia wapi mnapobuni?

Wateja wengi hudhani tunaanzia kwenye nembo, au kwenye mashine mpya tuliyonunua. Tunaanzia kwa mtu aliyesimama hatua chache kutoka kibandani, mikono mfukoni, anaangalia wenzake. Huyo ndiye mwenye siku yako mkononi.

Ukitaka kumwelewa, nenda Bustani ya Jeevanjee saa saba mchana, wakati wafanyakazi wa ofisini wako kwenye mapumziko. Utakuta wahubiri, wabishani wa siasa, na duara la watu kwa kila mmoja. Au simama upande wa Mtaa wa Tom Mboya, karibu na jumba la Hifadhi ya Nyaraka, uwaangalie wachekeshaji wa barabarani. Hawana stima, hawana zulia, hawana bajeti. Mmoja niliyemfuatilia siku kadhaa alikuwa na begi lililofungwa tu. Aliliweka chini, akachora duara kwa maji kutoka kwenye chupa, akasema ndani kuna mnyama, kisha akaanza kuongea habari nyingine kabisa. Kila alipolikaribia begi, watu walisogea. Kila alipoliacha, waliguna. Nusu saa nzima hakulifungua, na duara lilikuwa limefika mistari mitano. Nimesoma ubunifu darasani kwa miaka, na sijawahi kufundishwa vizuri kuliko vile.

Kutokana na yule bwana tunachora kila kazi kwa maduara matatu. La ndani ni la mchezaji. La kati ni la wanaomtazama. La nje ni la wapita njia walio mita ishirini, ambao bado wanajiuliza kuna nini pale. Michoro mingi inayoletwa kwetu na wateja ina duara la ndani peke yake. Mchezaji amesimama mbele ya skrini, ameupa umati mgongo, na kinachompata anakijua yeye tu. Watazamaji wanaona visogo. Basi jambo la kwanza tunalofanya, hata kabla ya rangi, ni kumgeuza mchezaji. Awatazame watu. Uso wake anapokosa, anapocheka, anapokaribia kushinda, ndio utakaomvuta yule wa mikono mfukoni. Kwa wa mita ishirini tunaweka kitu kirefu kinachosogea kulingana na mchezo: mlingoti wa taa unaopanda, gurudumu, hata bendera inayopandishwa kwa kamba. Akiwa mbali asielewe sheria, ila aelewe kwamba mtu fulani yuko karibu kushinda.

Mgeni anahitaji maelezo kiasi gani?

Hakuna. Kwenye karakana yetu kila mchezo hujaribiwa kwanza na askari wa lango, kisha na mama anayetuletea chakula. Hatuwaambii lolote. Wakiuliza "nifanye nini hapa?", kazi inarudi mezani. Mama huyo aliwahi kutuulia mradi wa wiki tatu kwa kuusogelea, kuutazama, na kwenda zake na sufuria yake.

Kingine ni kasi ya jibu. Tangu mtafiti Robert Miller alipoandika kuhusu muda wa kompyuta kuitikia, mwaka 1968, kiwango hakijasogea: jibu likifika ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huhisi ni mkono wake uliofanya. Likichelewa zaidi ya hapo atabonyeza tena, na tena, kisha atamtazama mhudumu kama aliyetapeliwa.

Tunatarajia wageni elfu tano. Wote watacheza?

Hapana, na afadhali tuelewane leo kuliko siku ya tamasha. Hesabu ni hii. Mchezo wa sekunde tisini, ukiongeza sekunde thelathini za kuingia, kutoka na kucheka, ni dakika mbili. Hiyo ni watu 30 kwa saa. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ni saa saba, yaani watu 210, mashine isipopumzika hata mara moja. Itapumzika. Kutakuwa na hotuba, kutakuwa na mvua, kutakuwa na mheshimiwa anayetaka kupigwa picha. Sisi huondoa theluthi, tunabaki na 140. Wakicheza wawili wawili, 280.

Mteja akisikia hivyo hutaka mchezo ufupishwe uwe wa sekunde ishirini. Wakati mwingine ni sawa. Lakini kuna njia nyingine: kufanya wanaotazama wawe sehemu ya mchezo. Kelele zao zinaongeza nguvu ya mchezaji, makofi yao yanabadilisha rangi ya taa. Kipaza sauti kimoja kinachopima ukubwa wa kelele kinaweza kuwashirikisha watu mia mbili kwa mkupuo, nacho ni kifaa cha bei ndogo kabisa kwenye orodha nzima.

Na foleni?

Foleni ya Nairobi haiogopeshi watu. Inawaambia kuna kitu. Inayofukuza ni foleni isiyojulikana mwisho wake. Weka alama ya "kutoka hapa ni dakika kumi" na uwe mkweli. Kivuli juu, maji karibu, na mstari upite mahali ambapo walio ndani yake wanauona mchezo.

Mnatumia teknolojia gani?

Inategemea jua. Nasema kweli.

Chukua projekta. Projekta kali ya lumeni 10,000 (mwanga wote inaoutoa), mwanga wake ukitandazwa kwenye ukuta wa mita za mraba 10, inakupa lux 1,000, yaani lumeni 1,000 kwa kila mita ya mraba. Jua la mchana wa Nairobi, wazi, linamwaga kama lux 100,000 juu ya ukuta huo huo. Hakuna namna ya kushindana. Kwa hiyo mtu akituomba mapambo ya projekta katika bustani za Uhuru Gardens saa nane mchana, tunamwomba asubiri jioni. Bahati yetu ni kwamba tuko karibu na ikweta, jua halina mizungu: mwaka mzima linatua kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, na giza likianza halichelewi. Unaweza kupanga onyesho la saa moja na nusu usiku bila wasiwasi, iwe Machi au Agosti.

Vihisi vinavyotumia miali isiyoonekana, kama vile Kinect, kamera ya michezo ya Microsoft iliyotoka 2010 na zilizoifuata, navyo hupofushwa na jua, kwa sababu jua lenyewe limejaa miali hiyo hiyo. Ndani ya ukumbi, kama Sarit Expo Centre au kumbi za KICC, vinafanya kazi vizuri. Nje tunarudi kwenye vitufe, mikanda ya kuvuta, mizani za kukanyaga, kamba. Kitufe kikubwa cha chuma kilichochomelewa na mafundi wa Kamukunji hakijui kama kuna jua. Ubongo wake ni bodi ndogo ya Arduino, na ikifa tunayo nyingine mfukoni. Zikiisha mfukoni, maduka ya elektroniki ya Luthuli si mbali.

Skrini za LED zinavumilia mchana, ila uliza nafasi kati ya nukta na nukta. Skrini iliyoandikwa P3 ina milimita tatu, na kwa kanuni ya mafundi mtazamaji asimame mita tatu au zaidi ili picha iungane. Tumeona P10 ya uwanjani ikiwekwa kwenye kibanda chenye upana wa mita mbili. Wageni waliona nukta tu, kama wametazama kitenge kwa kioo cha kukuzia.

Kuhusu kamera zinazotambua nyuso, tuko makini sana. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu iliyokuwa sokoni ya kukisia jinsia ya mtu kutoka kwenye picha. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Mifumo imeboreshwa tangu hapo, lakini hema lenye giza, taa za zambarau na umati wa Wanairobi bado ni mtihani mgumu kwa kamera. Mgeni akisimama mbele ya mashine yenye nembo yako nayo isimwone, hatalaumu mashine. Kwa hiyo tunajaribu kwa watu wetu, chini ya taa zile zile, au tunaachana na kamera.

Miwani ya uhalisia pepe je?

Tunaifanya, kwa shingo upande. Inamfunga mchezaji macho na masikio, na duara la kati linabaki likimtazama mtu anayepapasa hewa. Halafu kuna nywele. Mikanda ya miwani hiyo haikutengenezwa kwa kuwaza rasta, afro, wigi, kilemba wala hijabu, na dada aliyetoka saluni asubuhi hiyo baada ya saa tano za kusukwa hatakuruhusu umvalishe mkanda wa plastiki kichwani. Na yuko sahihi. Ukisisitiza, tunaweka kiti, skrini ya pembeni inayoonyesha anachokiona, na mhudumu mwenye kitambaa cha kufutia.

Umeme mnautoa wapi?

Ukumbini, ukutani; uwanjani, kwenye jenereta. Swali la maana ni nani mwingine yuko kwenye laini hiyo. Jenereta iliyoandikwa kVA 20 hukupa kama kilowati 16 za kufanyia kazi. Skrini ya mita 4 kwa 3 ina mita za mraba 12, na skrini za nje zinaweza kula hadi wati 700 au 800 kwa kila mita ya mraba zikiwa nyeupe tupu. Hapo tayari unakaribia kilowati 10. Ongeza spika, taa, kompyuta. Sasa mtu wa chakula anakuja na birika la wati 2,000, anaona soketi iko wazi, anachomeka. Chai haijachemka, kibanda kimezima.

Ndiyo maana tunaomba laini ya jikoni iwe mbali na yetu, na kompyuta zote zikae kwenye betri ya akiba. Ekstensheni moja ya kawaida ya ampea 13 isibebe zaidi ya wati 3,000 hivi, na waya wake ufunguliwe wote; ukiuacha umejiviringa kwenye gurudumu lake unapata moto hadi unayeyuka.

Intaneti ikikatika?

Haitatuhusu. Kila tunachotengeneza kinafanya kazi bila intaneti, kisha kinatuma kumbukumbu zake mtandao ukirudi. Watu elfu kadhaa wakijazana uwanja mmoja na simu zao, mitambo ya simu hulemewa, na ahadi ya "hapa 4G iko sawa" ilitolewa Jumatano uwanja ukiwa mtupu.

Kwa sababu hiyo hiyo tunapunguza misimbo ya QR. Ni uvumbuzi mzuri wa Denso Wave ya Japani, mwaka 1994, lakini unamdai mgeni bando lake, chaji yake na subira yake ili afike kwenye fomu. Kama lazima simu ihusike, menyu ya USSD inafika hata kwenye kabambe, simu ndogo isiyo na intaneti, na Wakenya wamezoea kubonyeza nyota na reli tangu ujana wao.

Mvua ikinyesha?

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na mbingu hazijasoma kalenda. Tunainua vifaa vyote sentimita kumi na tano kutoka ardhini, mwaka mzima. Hema zuri lenye sakafu iliyolowa halisaidii kitu.

Wachache hufikiria Julai. Jiji hili liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi watu hawatoi mikono mfukoni. Mchezo unaotegemea viganja utakaa mpweke hadi saa sita. Julai tunabuni kwa miguu: kukanyaga, kuruka, kucheza. Wakishapata joto wanavua makoti wenyewe, na picha zinapendeza.

Vibali gani vinahitajika?

Mwenye tamasha hushughulikia vikubwa: kaunti, polisi, zimamoto. Ila usidhani vyake vinakufunika wewe na spika zako. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 kuhusu kelele zinakuhusu. Muziki unaopigwa hadharani una leseni yake hata kama dijei ni binamu yako. Droni inahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na ukiwa Uhuru Gardens au viwanja vya Carnivore kumbuka Uwanja wa Ndege wa Wilson uko pale pale. Na usigawe zawadi kwenye mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017. Bado kuna kampuni zinazokuja nayo kutoka nje zikishangaa.

Anza wiki nne kabla. Kanjo, askari wa kaunti, akija saa tatu asubuhi anakuta karatasi mezani, anakunywa maji, anaenda.

Tunataka namba za simu za kila mgeni. Inawezekana?

Inawezekana kisheria ukifuata Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019: mwambie unazitakia nini, akubali mwenyewe, uzitumie kwa hilo tu, uzifute kazi ikiisha. Picha ya uso wake nayo ni data. Mtoto, ridhaa ni ya mzazi. Kamishna wa Data anaweza kutoza faini hadi shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kiasi kidogo kati ya hivyo viwili, na faini zimeshatozwa, zikiwemo za picha za watu zilizochapishwa bila idhini yao.

Lakini sheria ikiwekwa kando, fikiria namba hiyo ni nini hapa kwetu. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, namba ya simu imekuwa pia mfuko wa pesa. Kila mtu ameshapigiwa na tapeli anayejifanya amekosea kutuma. Ukimwomba mgeni namba kabla ya kucheza, anakupa ya zamani, au anakupa ya shemeji yake. Tunaomba mwishoni, kwa hiari, tena kwa sababu anayoiona: "tukutumie picha yako wapi?" Namba chache, lakini zinapokelewa ukipiga.

Zawadi iwe nini?

Ndogo na ya papo hapo. Leso, kofia, kikombe, muda wa maongezi. Pikipiki ya kushindaniwa hubadilisha kibanda kuwa uwanja wa malalamiko, na ukichagua mshindi kwa bahati nasibu umeingia kwenye sheria za michezo ya kamari, zenye kibali chake na msimamizi wake.

Zawadi iliyotushangaza kuliko zote ilikuwa jina. Mgeni akishinda, jina lake liliandikwa kwa chaki kwenye ubao mkubwa juu ya kibanda. Watu walirudi na marafiki jioni kuwaonyesha. Chaki pakiti mbili.

Tutumie Kiingereza, Kiswahili au Sheng?

Kiswahili kwenye vitufe. Lugha hii ina bahati ambayo wabunifu hawaitumii vya kutosha: amri ni neno moja na linajitosheleza. Vuta. Ruka. Piga. Imba. Linasomeka mita kumi na mtoto wa darasa la pili analielewa. Sheng iwe mdomoni mwa mhudumu, isiwe kwenye plaiwudi iliyopakwa rangi, kwa sababu Sheng ya Umoja si ya Kibera, na neno lililokuwa tamu wakati wa kuchapisha linaweza kuwa la wazee siku ya tamasha. Tulishawahi kuona kampuni ikiandika msemo wa vijana kwenye bango la mita sita. Vijana walipiga picha nalo, kweli, wakicheka.

Wahudumu tuwatoe wapi?

Popote, mradi waje siku moja kabla wacheze mchezo hadi wauchoke. Mhudumu ambaye hajacheza husoma karatasi. Mfundishe kusalimu kwa umri: mama wa makamo ni mama, si "msee wangu". Mfundishe pia kunyamaza mchezaji anapocheza, jambo ambalo maemsii wengi hawaliwezi. Na uwalipie chakula cha mchana. Promota mwenye njaa saa tisa huonekana kwenye picha zote.

Inagharimu kiasi gani?

Hatutaji bei bila kuona uwanja. Ila tukupe umbo la bili: karibu theluthi ni kutengeneza, theluthi ni watu na usafiri, na theluthi nyingine ni mambo ambayo wateja hupenda kuyafuta, yaani majaribio, vipuri, lori la usiku na mlinzi wa kulala na vifaa. Ukifuta majaribio, tunakataa kazi. Ukifuta mlinzi, tunakuachia vifaa ulale navyo wewe.

Muda: wiki sita za starehe, wiki nne za kukimbizana. Chini ya hapo tunakukodishia mchezo ambao tayari uko rafuni.

Mliwahi kuharibikiwa?

Ndiyo. Mteja mmoja, tusimtaje, aliidhinisha mchezo wa kusukuma mlango mzito. Watu wawili kila upande, taa katikati inayoonyesha nani anashinda. Tuliujaribu wiki mbili. Usiku wa kuamkia tamasha, bosi wake alifika ukumbini, akasema hautoi "hisia za kisasa", akaagiza skrini mbili za kugusa ziwekwe mbele ya mlango. Tulibishana hadi saa saba usiku, kisha tukakubali, na hilo ndilo kosa letu. Asubuhi wageni waligusa skrini, wakaona orodha ya bidhaa, wakaendelea na safari. Saa nane mchana mtoto wa kama miaka tisa alipenya nyuma ya skrini, akausukuma mlango, taa zikawaka. Dakika kumi baadaye skrini zilikuwa zimesogezwa pembeni na wageni wenyewe na kulikuwa na foleni. Saa nne za kwanza zilikuwa zimeshapotea, na mteja alitulipa pungufu kwa sababu hiyo hiyo.

Siku hizi mkataba wetu una kifungu: mabadiliko yanafungwa saa sabini na mbili kabla ya milango kufunguliwa.

Tumeona video ya kibanda cha ajabu kutoka London. Mnaweza kutufanyia kama kile?

Video imekatwa vipande vya sekunde mbili, na haikuonyeshi dakika arobaini mashine ilipokuwa imezima. Tuletee, tuiangalie pamoja, tutafute mtu alikuwa anafanya nini kwa mikono. Mara nyingi ni kuvuta kamba.

Mtajuaje kama imefaulu?

Tunahesabu kwa mkono, kwa kile kihesabio kidogo cha kubonyeza: waliopita, waliosimama, waliocheza, waliorudi. Wa mwisho ndio tunaowapenda. Pia tunapima kwa saa mtu amekaa muda gani, wageni ishirini kila saa. Idadi ya picha mtandaoni tunakupa ukitaka, ingawa watu hupiga picha hata ajali.

Je, mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kucheza?

Lazima. Meza haizidi sentimita 80, na kila kimo cha sentimita moja kinapata mteremko wa sentimita 12. Mchezo wa kukanyaga huwa na kitufe cha mkono cha pili chenye nguvu ile ile, na kinakaa pale pale mbele, hakifichwi pembeni.

Vifaa vinakwenda wapi baadaye?

Chuma hurudi Kamukunji, mbao zinagawanywa, vihisi vinarudi rafuni. Vitambaa vya mabango vyenye nembo huombwa na mafundi wa viti vya bodaboda, na tukipata idhini ya mteja tunawapa. Ukiona kiti cha bodaboda Kawangware chenye nusu ya nembo ya benki, labda ni chetu.

Tunaweza kuja kuwaona mkifanya kazi?

Njooni usiku wa kupanga, siku moja kabla, kuanzia saa tatu. Leteni koti na viatu vilivyofungwa. Mtapewa nati za kukaza.